Makaburi ya Nguzo: Jiwe Limebaki, Jina Limekwenda

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, tangu upande wa Wasomali mpaka pwani ya Tanzania, yako makaburi ya mawe ambayo mfano wake ni nadra kuonekana katika nchi nyingine za Kiislamu. Kaburi huzungushiwa ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, ukuta huo ukatiwa nakshi, na kwenye ncha yake moja ikasimamishwa nguzo: mara ya duara, mara ya pembe nne, mara ya pembe nane. Yako Gedi na Malindi. Yako Mnarani, karibu na Kilifi. Yako Takwa katika kisiwa cha Manda. Yako Tongoni, kusini ya Tanga. Yako Kaole, karibu na Bagamoyo. Na yako Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Mengi ni ya karne ya 14 na ya 15, na mengine ni ya baadaye, mpaka karne ya 18.

Watu huyaendea kwa nia mbali mbali. Wako waendao kupiga picha. Wako waendao na haja zao, ubani mkononi. Na siku hizi wamezuka vijana wasemao kwamba dawa yake ni kuyabomoa yote, tukapumzika. Mimi katika makala haya nataka kuyapima makaburi hayo kwa mizani miwili: mizani ya kazi ya mkono, na mizani ya sharia. Kisha nitampima yule anayekwenda kuyazuru. Kwani kazi ya fundi haihukumiwi kwa uzuri wake peke yake. Huhukumiwa pia kwa jambo iliyokusudiwa kulifanya, na kama imelifanya au haikulifanya.

HAKI YA FUNDI

Tuanze na fundi, kwani kumdhulumu aliyekufa ni dhuluma kama kumdhulumu aliye hai.

Mafundi wa pwani hawakuwa na marumaru, wala hawakuwa na majabali ya mawe kama ya Misri. Walikuwa na bahari. Kuta walizijenga kwa jiwe la matumbawe makavu lililochimbwa nchi kavu, wakaliunganisha kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya kuni nyingi. Lakini jiwe la nakshi lilikuwa jingine: walilikata baharini lingali bichi. Tumbawe bichi ni laini, hukubali tindo na kisu. Likikauka huwa gumu, wala halikubali tena. Kwa hiyo fundi alikuwa na muda wake mfupi wa kufanya kazi. Akikosea, jiwe halimsamehei.

Sasa tazama alichokifanya. Hakuchora mtu wala mnyama, kwani alijua mipaka ya dini yake. Aliugawa ukuta wa kaburi katika vyumba vya mraba na vya mstatili, kila chumba kikawa na ukingo uliorudi ndani hatua kwa hatua. Pengine aliuzungushia mstari uliosokotwa kama kamba ya chombo. Pembe za ukuta akazinyanyua juu zaidi ya ukuta wenyewe. Nakshi zote hizi hazina rangi. Rangi yake ni kivuli. Jua la asubuhi likizipiga kwa ubavu, kila mstari huonekana. Likifika utosini, nakshi hupotea na ukuta ukawa mweupe mtupu. Anayekwenda saa sita ya mchana akarudi akasema hakuona kitu, amesema kweli, lakini kosa si la fundi.

Katika zama hizo hizo walikuwako watu wa Bahari ya Hindi waliotaka makaburi ya namna nyingine. Katika mji wa Khambhat, huko Gujarat, walikuwako mafundi wa marumaru waliochonga mawe ya makaburi kwa maandishi ya Kiarabu mazuri mno, wakayapakia majahazini yakapelekwa mbali. Yalifika Pasai katika kisiwa cha Sumatra. Yalifika Dhofar: kaburi la al-Malik al-Wathiq, mtawala wa huko wa ukoo wa Banu Rasul aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, lilitiwa mawe ya Khambhat, na mawe yake leo yamo katika jumba la makumbusho mjini London. Hata Kilwa kimeonekana kipande cha marumaru ya kazi hiyo. Basi matajiri wa pwani waliyajua mawe ya kuagizwa. Juu ya hayo, wengi wao walizikwa chini ya jiwe la kwao, lililokatwa katika mwamba wa kwao, na fundi wa kwao. Hili nalihesabu kuwa ni jambo la kusifiwa. Jiwe la Khambhat ni zuri zaidi kwa khati. Jiwe letu ni la kweli zaidi kwa mahali pake.

Watafiti wa zamani wa Ulaya walipenda kusema kwamba kila jiwe lililosimama katika pwani hii ni la wageni waliokuja nalo. Lakini mtu akienda Yaman, au Oman, au Shiraz, hakuti desturi hii ya kusimamisha nguzo juu ya kaburi kama ilivyo kwetu. Dini ilitoka Bara Arabu, na herufi zilitoka huko. Nguzo ni ya pwani. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti wa vinasaba vya watu wapatao 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya kale ya pwani baina ya mwaka 1250 na 1800. Ulionyesha kuwa asili yao kwa sehemu kubwa ni ya Kiafrika, khasa kwa upande wa mama, ikachanganyika na asili ya Asia, khasa ya Uajemi, kwa upande wa baba. Wengi waliupokea utafiti huo kama khabari mpya. Kwa aliyejua kutazama, jiwe lilikuwa limekwisha kuyasema hayo bila ya mfupa kuguswa: maneno ya Kiarabu, bakuli la Kichina, na tumbawe la Kiafrika, katika kaburi moja.

MIZANI YA SHARIA

Hapa msomaji ataniuliza: Sheikh, wazisifu nakshi, na sharia je? Swali lake ni la haki, wala sitaki kulikimbia.

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillahi (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, na kukaliwa, na kujengewa. Katika riwaya ya Tirmidhi limeongezwa pia katazo la kuandika juu yake. Na Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa pwani tunasoma vitabu vyake tangu tukiwa madrasa, ameeleza katika Minhaj kuwa kupaka chokaa, kujenga na kuandika juu ya kaburi ni makuruhu, na kwamba jengo likijengwa katika makaburi yaliyowekwa kwa watu wote, hubomolewa.

Kwa upande wa pili, imepokewa na Abu Daud kwamba alipozikwa Uthman bin Madh'un (r.a.), Mtume (s.a.w.) alilinyanyua jiwe kwa mikono yake mwenyewe akaliweka upande wa kichwa, ili alijue kaburi la ndugu yake. Hapa ndipo penye asili ya alama. Jiwe moja, lisilochongwa, lililowekwa kwa mapenzi ili kaburi lijulikane lisije likakanyagwa wala kusahauliwa.

Basi baina ya jiwe la Uthman bin Madh'un na nguzo ya Malindi iko njia ndefu, na wazee wetu waliipita njia hiyo yote. Nasema wazi, wala si kuwavunjia heshima: walipita kiasi. Waliishi katika miji ya biashara ambamo nyumba ya mawe ilikuwa cheo, na aliyekuwa na nyumba ya mawe katika uhai wake alitaka na kaburi la mawe baada ya mauti yake. Nguzo ikirefushwa, ya jirani ikirefushwa zaidi. Mtu akitia bakuli moja la Kichina, mwingine akitia matano. Fakhari ikaingia mlango wa makaburi, mahali ambapo Mwenyezi Mungu amepafanya kuwa mwisho wa fakhari zote. Mapenzi kwa wazee hayatupi ruhusa ya kukiita kizuri kila walichokifanya.

Lakini ni kosa pia kuwahukumu kana kwamba hawakujua dini. Watu hao hao walijenga misikiti yenye mihrabu za matumbawe zilizochongwa kwa ufundi ule ule. Kizimkazi, Unguja, mpaka leo yako maandishi ya kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Uislamu wao haukuwa wa kuazima. Walikuwa Waislamu wenye udhaifu wa kibinadamu, kama sisi, ila udhaifu wao uliandikwa katika jiwe na wetu bado haujaandikwa.

MAKABURI MATATU

Sasa tuyatazame machache, tupime lipi lililolifanya jambo lake.

La kwanza ni lile la Gedi liitwalo Kaburi la Tarehe. Gedi ni mji uliohamwa, ulioachwa msituni karibu na Malindi. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mna makaburi kadhaa humo, na moja lina nguzo yenye mifuo iliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Wageni hulikimbilia hilo kwanza. Lakini lililo na faida zaidi ni Kaburi la Tarehe, kwa sababu lina maandishi yenye mwaka: 802 wa Hijra, ambao ni sawa na 1399. Kwa mwaka huo mmoja wachimbuzi wameweza kupanga umri wa vitu vingine vingi vya mji. Na kwa mwaka huo mmoja mzuru huweza kufanya hesabu iliyo bora kuliko ya wachimbuzi: mtu huyu amelala hapa zaidi ya miaka 600, je, mimi nimebakiwa na mingapi?

La pili ni la Takwa. Mji wa Takwa ulihamwa karibu na mwisho wa karne ya 17. Liko kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijra, karibu na mwaka 1683. Hapa nguzo na maandishi vimekutana, na nguzo haikulishinda neno. Macho huvutwa na nguzo, yakafika karibu yakasoma. Hivi ndivyo nakshi inavyotakiwa kuwa: mwito unaomwita mtu kwenye maneno, si mwito unaojiita wenyewe. Lakini katika Takwa hiyo hiyo, msikitini, iko nguzo juu ya ukuta wa kibla, na wako waliosema kuwa ni alama ya sheikh aliyezikwa pale. Kama ndivyo, basi hapo nguzo imekaa mahali pasipo pake, kwani Mtume (s.a.w.) amehadharisha vikali juu ya makaburi kufanywa misikiti. Jiwe lile lile, lililokuwa zuri nje ya ukuta, huwa fitina ndani yake.

La tatu si kaburi moja, ni makaburi ya Kunduchi, ambayo mengi yake ni ya karne ya 18, na wenzake wa Kaole. Humo nguzo zilipambwa kwa bakuli na sahani za kauri, zilizotiwa katika chokaa ingali mbichi. Fikiri uzuri wake siku ya kwanza: nguzo nyeupe, na bakuli la buluu linang'aa kwa jua kama jicho. Leo nyingi za bakuli hizo hazipo. Zimebanduliwa na wezi, yamebaki mashimo ya duara. Mimi naona kwamba hapa fundi alishindwa, na kushindwa kwake kulianza siku ile ile alipotia bakuli. Alitia juu ya kaburi kitu chenye thamani sokoni, na kila chenye thamani sokoni humwita mwizi. Mwaka uliochongwa katika tumbawe haumfai mwizi kitu. Kwa hiyo mwaka wa Gedi umebaki, na bakuli za Kunduchi zimekwenda.

Nguzo kubwa nyingi hazina maandishi hata kidogo. Tongoni yako makaburi zaidi ya 40, mkusanyiko mkubwa wa makaburi ya namna hii, na nguzo zake nyingi zimeanguka. Mambrui, kaskazini ya Malindi, nguzo iliyopambwa kwa bakuli za Kichina imeanguka nayo. Ukisimama mbele ya nguzo kama hiyo ukauliza: nani huyu? Hakuna wa kukujibu. Aliyejenga alikusudia jina lidumu. Jiwe limedumu, jina halikudumu. Mtu yule alikuwa maarufu mjini kwake hata haikuonekana haja ya kuandika jina lake, nani asiyemjua? Leo ndiye asiyejulikana kabisa. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya makaburi haya kama kazi ya sanaa: yamefaulu sana katika jambo ambalo hayakulikusudia. Yalitaka kutuonyesha ukubwa wa mtu, yametuonyesha udogo wake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akatunga Al-Inkishafi, akawa ameisoma kuta kama isomwavyo waraka. Wengi wetu huzitazama kuta hizo hizo, na waraka hatuusomi.

WANAOZURU

Mtume (s.a.w.) aliwahi kukataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu na kuamrisha, na sababu aliyoitaja ni kwamba hukumbusha Akhera. Basi ziara ina sababu yake, na ziara iliyopoteza sababu yake ni matembezi tu, au ni jambo baya zaidi ya matembezi.

Wa kwanza ni yule anayekwenda kumwomba maiti. Kaole liko kaburi liitwalo la Sharifa, na watu huliendea na haja zao. Mombasa, katika nguzo ya Mbaraki, imejulikana desturi ya watu kupeleka ubani na marashi. Ndugu yangu, yule uliyemwendea alikuwa na haja ya dua yako. Wewe umemwendea kwa haja zako. Yeye hawezi kulizuia bakuli la kaburi lake lisiibiwe, atakuzuilia wewe umasikini? Mwombee yeye, umwombe Mola wake. Wala nisieleweke vibaya. Watu wa Shela wana desturi ya kwenda Takwa, mji ambao wazee wao wasemekana walitoka, kuomba mvua. Kuomba mvua ni Sunna, na kutoka nje ya mji kwa ajili yake ni Sunna. Anayenyoosha mikono kwa Mwenyezi Mungu peke yake, mahali panapomkumbusha wazee wake waliokufa, hatuna la kumlaumu. La kuchungwa ni moyo: usije ukapita kwa Mola ukatua kwa jiwe.

Wa pili ni mtalii, na siku hizi mtalii si Mzungu peke yake. Watoto wetu wenyewe hupanda juu ya makaburi wakakaa, wakanyoosha simu zao, wakacheka, picha ikasambaa. Kukaa juu ya kaburi kumekatazwa katika hadithi ile ile iliyokataza kulijengea. Ajabu ni kwamba kijana humlaumu mzee wa karne ya 15 kwa kujenga, hali yeye mwenyewe amemkalia kichwani. Na waongozaji wa wageni, baadhi yao, hutia hadithi za majini na hazina zilizofukiwa ili mgeni astaajabu. Hadithi ya hazina haiishii kwenye masikio. Iko siku huwa jembe la usiku.

Wa tatu ni yule anayetaka kubomoa. Yeye hutaja hadithi ya Ali (r.a.) alipomtuma Abul-Hayyaj al-Asadi asiache kaburi lililonyanyuliwa ila alisawazishe. Hadithi hiyo ni sahihi, iko katika Muslim. Lakini tazama, ndugu: Ali alimtuma yeye, naye alikuwa ni mtawala anayemtuma mtu wake. Hakusema kila mwenye sururu aamke na sururu yake. Ama maneno ya Nawawi juu ya makaburi ya watu wote, maulamaa wameeleza sababu yake: jengo huwabana Waislamu wengine mahali pa kuzikia. Nani leo anabanwa Gedi, mji ambao haukaliwi na watu? Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Sururu haitofautishi nguzo na kilicho chini yake.

Tumeyaona matunda ya njia hiyo. Mwaka 2012, mjini Timbuktu, watu wenye silaha walibomoa makaburi ya wachaji wa mji huo kwa hoja hiyo hiyo. Waislamu wa mji walilia, tauhidi yao haikuongezeka, na majengo yakajengwa tena, kazi ikamalizika mwaka 2015. Aliyeongoza ubomoaji huo, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alihukumiwa mwaka 2016 katika mahakama ya kimataifa kifungo cha miaka 9, na mwenyewe alikiri kosa akaomba radhi. Shirki haikai katika jiwe, hukaa moyoni. Aliyetaka kuing'oa kwa sururu amebomoa pasipokuwa pake. Moyo hufundishwa, na kufundisha ni kazi ndefu kuliko kubomoa, ndiyo maana wengi hawaipendi.

KUTENGENEZA BILA KUHARIBU

Wako wanaouliza: ikiwa kupaka kaburi chokaa kumekatazwa, je, wanaoyatengeneza makaburi ya kale hawaingii katika katazo hilo? Jawabu yangu ni kwamba matendo hufuata nia. Anayepaka chokaa ili maiti wake aonekane mkubwa kuliko maiti wa jirani, huyo ndiye anayelengwa. Anayezuia ukuta wa miaka 500 usimwangukie mzuru, na asije akapotea shahidi wa historia ya Waislamu, huyo hamtukuzi maiti. Anahifadhi athari na mazingatio. Hatujengi kaburi jipya la nguzo, wala hatufai kujenga. Tunahifadhi yale yaliyotufikia. Na nchi zetu zimeyalinda kwa sharia: Tanzania kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya kwa sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006.

Ila nina neno kwa wanaotengeneza. Mahali pengi majengo ya kale yametiwa saruji ili kazi iishe upesi. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, na hairuhusu unyevu kutoka. Unyevu ukifungiwa ndani, hulila jiwe lenyewe pamoja na chumvi yake, na saruji ikibanduka hutoka na nakshi. Chokaa hupumua pamoja na jiwe, kwani ni jiwe lile lile lililochomwa. Mafundi wa zamani hawakuwa na shahada, lakini jambo hilo walilijua. Wazee wanaojua kuchoma na kuloweka chokaa wanapungua. Vijana wajifunze kwao kabla hawajafuata njia ya waliowajengea.

ADABU ZA ZIARA

Basi ukienda, nenda asubuhi au alasiri, nakshi zionekane. Ukifika, watolee salamu waliolala pale kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.), nayo ni salamu inayomkumbusha anayeitoa kwamba apendapo Mwenyezi Mungu naye atawafuata. Waombee maghufira. Usiswali kuelekea kaburi, usilizunguke, usilibusu, usilikalie. Usichukue hata kipande cha kauri kilichoanguka chini, si chako. Ukiwa na watoto, waonyeshe kazi ya fundi, uwaambie jiwe hili lilitoka baharini na jinsi lilivyokatwa. Yakiwako maandishi, wasome nao mwaka, watoe hesabu wenyewe. Mtoto aliyehesabu miaka 600 kwa vidole vyake mwenyewe hahitaji khutba ndefu.

Kisha muulize mtoto: huyu alikuwa nani? Atasema: hajulikani. Muulize tena: nani anamjua? Akijibu kwamba Mwenyezi Mungu anamjua, ziara yenu imetimia.

Tuyalinde makaburi haya, tusiyaabudu na tusiyavunje. Na sisi wenyewe tukifa tuzikwe chini ya udongo mtupu, na jiwe moja la kichwani, kama alilowekewa Uthman bin Madh'un. Lililo zuri zaidi ya hilo tulitangulize sasa, tungali hai: elimu yenye kunufaisha, sadaka yenye kuendelea, na mtoto mwema wa kutuombea. Hayo matatu hayabanduliwi na mwizi, wala hayahitaji chokaa.

Wallahu a'lam.